Siku Nilipompa Adui Kofia ya Jirani

Nakumbuka siku maziwa yalipomwagika barabarani pale Mulongwe, mwanangu, na mimi ndiye niliyeyamwaga, ingawa siku hiyo sikushika jiwe wala fimbo. Nilikuwa nimeshika kalamu tu. Lakini ngoja nianze mbali kidogo. Jana uliniletea simu yako, ukanionyesha michoro yako, kisha ukaniuliza mashujaa wangu wa kwanza walitoka wapi. Nilikujibu kwamba walikuwa wakipita hapa mbele ya nyumba kila asubuhi, ukacheka ukidhani Mama Riziki anatania. Sikutania. Leo kaa, nikueleze vizuri.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, na kazi yangu ilikuwa kuzungusha roneo katika ofisi ya shule moja ya hapa Uvira. Ninyi hamkuijua roneo. Ni mashine ya kunakili: unachora kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi laini yenye nta, iitwayo stensili, unaifunga kwenye pipa dogo lenye wino, unazungusha mkono wa chuma, na nakala zinatoka upande wa pili, mbichi, zikinuka. Nilinakili mitihani na barua za wazazi. Mwaka ukiisha, direkteri, mkuu wa shule, aliniachia stensili zilizobaki na marundo ya karatasi za mitihani zilizochapwa upande mmoja. Ndiyo maana bede zangu za kwanza, maana vitabu vya michoro hapa kwetu tunaviita bede, zilikuwa na shujaa mbele na hesabu za darasa la tano nyuma. Kuna watu waliniambia walinunua kwa ajili ya hesabu.

Shujaa wa kwanza alikuwa jirani yetu, Mama Feza. Alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, na alibeba mchanga kutoka ufukweni kuwapelekea wajenzi: gunia mgongoni, ukanda umepita kwenye paji la uso, shingo imekaza kama mti. Barabarani palikuwa na barieri, kamba tu iliyofungwa kati ya vijiti viwili, na mwanamume aliyekaa pale alimwamuru kila mbebaji atue mzigo ili aukague. Ukishatua, hupiti bila kumwachia kitu. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya Mama Feza nikielekea kazini. Yule bwana akasema, «Mama, tua.»

«Sitatua,» akajibu Mama Feza.

«Nataka kuona ndani iko nini.»

«Iko muchanga. Kama unataka kuona, angalia. Lakini minye sitatua. Nikitua, nani atanitwika tena? Weye?»

Akasimama. Hakutukana, hakusukuma, hakurudi nyuma. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Malori yalifika yakapanga foleni nyuma yetu, madereva wakaanza kupiga honi, wanawake wengine wenye mizigo wakafika, nao hawakutua. Mwishowe yule bwana alishusha kamba yake mwenyewe akijifanya anaangalia ziwa. Mama Feza akapita. Hakugeuka hata kumtazama.

Siku ile sikufanya kazi ya maana ofisini. Nilichora. Nikamwita Mama Mugongo, na nguvu yake ilikuwa hii: ukimsukuma, uzito wa mzigo wake unakuhamia wewe. Papa Deo, aliyekuwa na meza ya kalamu na madaftari sokoni Kalundu, na ambaye alikubali kuniuzia, alitazama ukurasa wa kwanza akaguna. «Shujaa gani haruki?» Nikamwambia huyu haruki, huyu anasimama. Akatikisa kichwa, lakini nakala zikaisha. Wanawake wasiojua kusoma walizinunua ili waonyeshane picha.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipopotea.

Shujaa anataka adui. Katika vitabu viwili vya mwanzo nilichora adui kama kivuli kizito kisicho na macho, na watu walianza kuchoka naye. Msimu ule ng'ombe walikuwa wameingia katika mashamba ya mihogo kule Runingu, shamba la mjomba wangu likiwamo. Hakuna aliyejua ng'ombe walikuwa wa nani. Lakini tazama, kila mtu alijua. Sokoni, kwenye lori, kanisani baada ya ibada, kila mahali ulisikia banasema, yaani wanasema: banasema ni watu wa juu, banasema wamefanya kusudi, banasema watashuka wote. Papa Deo akaniita kando.

«Riziki, unachora muzuri, lakini adui yako haiko na sura. Umupatie kofia na fimbo. Utaona.»

Nilielewa alichomaanisha. Kofia pana na fimbo ndefu zilikuwa za wachungaji wa ng'ombe wa Rurambo na milima yote ile ya juu. Nilielewa, mwanangu, nakuambia bila kujificha nyuma ya ujana. Nikachora. Nikampa kofia, nikampa fimbo, nikampa koti refu na pua nyembamba, nikamwita Kwato. Katika ukurasa wa mwisho Mama Mugongo alimvunjia fimbo na kumpiga mpaka kofia ikaruka. Kitabu cha tatu kiliisha kwa siku moja. Vijana walinisimamisha barabarani kunipa mkono. Nilitembea kama mtu aliyeoga maji ya moto, nikijisikia mwepesi. Sifa ni tamu, na utamu wake hauulizi umetoka wapi.

Wiki haikuisha. Kulikuwa na mzee mmoja wa Rurambo, Papa Yonatani, mkristo mpole wa maneno machache, aliyeshuka mara mbili kwa wiki mpaka Runingu kwa miguu, kisha kwa lori mpaka mjini, akiwaletea maziwa wateja wake. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi hiyo nilisikia kelele za watoto: «Kwato! Kwato! Kwato!» Nikatoka. Papa Yonatani alikuwa katikati ya barabara, kofia yake iko chini, damu inamtoka juu ya jicho, na bidoni, dumu lake la maziwa, imelala ubavu. Maziwa yalikuwa yakiingia katika mchanga. Watoto hao, mawe mikononi, ndio waliokuwa wakinipungia mkono wiki nzima kwa ajili ya kitabu changu. Mmoja wao alinitazama akitabasamu, akingoja nimsifu.

Mimi, niliyekuwa hodari wa kuchora watu wanaosimama, niliingia ndani na kufunga mlango. Hilo nalo lijue.

Aliyemwinua Papa Yonatani ni Mama Feza. Alitua gunia lake la mchanga barabarani, yeye ambaye hakulitua mbele ya barieri, akamfuta damu kwa kanga yake, akampeleka nyumbani kwake. Jioni akaja kwetu na kitabu cha tatu mkononi. Hakuketi. Mama yangu alimpa kiti, akakataa.

«Riziki,» akasema, «hii ni minye?»

«Ndiyo, Mama.»

«Na hii ninapiga, ni Yonatani?»

«Ni Kwato, Mama. Ni hadithi tu.»

«Kofia ni ya Yonatani. Fimbo ni ya Yonatani. Minye sijamupiga Yonatani hata siku moja. Mwaka ile nilizaa, na maziwa yangu ikakauka, njo yeye alileta ya ng'ombe kila mara alishuka, mpaka mutoto akatembea. Sasa weye umeshika mukono yangu, umemupiga nayo mbele ya bantu yote.» Akaweka kitabu juu ya meza taratibu sana, kama mtu anayeweka yai. «Rudisha mukono yangu.»

Akatoka. Mama yangu alizima jiko akaenda kulala. Nimekemewa na wengi maishani, na walimu na wachungaji wa kanisa na wakubwa wa ofisi, lakini hakuna aliyenikemea kama mwanamke yule aliyedai mkono wake.

Maji yakimwagika hayazoleki, na maziwa vile vile. Lakini aliyeyamwaga anaweza kupanda mlima. Jumamosi nilichukua lori mpaka Runingu, kisha nikapanda kwa miguu mpaka Rurambo. Ilinichukua siku nzima, na wakati wa kupanda nilijua kwa nini mzee yule alikuwa na miguu mikavu kama kamba. Huko juu kuna baridi, na nyasi fupi, na upepo haupumziki. Nilimkuta karibu na zizi, kitambaa kimefungwa juu ya jicho. Alinitambua. Nikapiga magoti.

«Papa, nimekuja kuomba musamaha.»

«Kunywa kwanza,» akasema, akanipa maziwa. Alingoja nimalize, akapokea chombo, akakaa kwenye jiwe. «Nilionyeshwa ile kitabu. Sijui kusoma, lakini kofia yangu naijua.»

Nikamweleza kwamba nitachora kingine, na safari hii yeye atakuwa shujaa, mzuri, asiye na doa. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeumwa jicho.

«Usinifanye malaika, mutoto yangu. Mwaka moja ng'ombe yangu ilikula muhogo ya bantu ya Lubarika, juu ya usingizi yangu. Nilipeleka ndama kwa mwenye shamba, tukaikula pamoja na watu yake. Uchore na ile. Ukinichora bila kosa, haiko minye. Ni muntu mwengine, na ile muntu mwengine, siku ingine watamupiga tena.»

Kisha akasimama, akaweka vidole viwili mdomoni, akapiga mluzi. Ng'ambo ya bonde, mbali kiasi kwamba niliwaona kama punje za maharagwe, ng'ombe waliinua vichwa, wakageuka wote pamoja, wakaanza kurudi.

Hapo ndipo alipozaliwa shujaa wangu wa pili. Nikamwita Muluzi. Kila anayesikia mluzi wake, hata mwenye bunduki, anakumbuka njia ya kwao. Na kosa lake ni kwamba akilala, halisikii jambo lolote. Watoto walimpenda kwa sababu ya usingizi ule kuliko nguvu zake.

Na adui? Nilimpata ndani ya lori nikishuka. Abiria wawili waliongea njia nzima, na kila sentensi ilianza na neno lile lile: banasema. Banasema hivi, banasema vile. Nikamwuliza mmoja, «Papa, nani anasema?» Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Basi nikamchora Bwana Banasema: mtu aliyevaa vizuri, asiye na mdomo wake, anayezungumza kwa midomo ya wengine, na kila anayerudia neno lake anamwongezea unene. Wahenga wametuachia methali, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga, lakini methali hii nimeipinga maisha yangu yote. Lisemwalo linaweza kuja, ndiyo, kwa sababu tumelitengenezea barabara.

Katika kitabu cha nne Mama Mugongo alipanda mlima kumwomba Muluzi radhi. Kwa mkono wake mwenyewe alimwokotea kofia. Nilipochapa nakala za kwanza, nilimpelekea Mama Feza kabla ya mtu mwingine. Alitazama kila picha kwa kidole. «Sawa,» akasema. «Imerudi.» Basi.

Wengine hawakusema sawa. Papa Deo alikataa kukiweka kwenye meza yake. Vijana wa mtaa walikwenda kwa direkteri, naye akaniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye hofu, na hofu ikikaa kwenye kiti cha mkubwa hutoa amri.

«Riziki, uwarudishie Kwato. Ni michoro tu.»

«Kama ni michoro tu, Bwana Direkteri, juu ya nini wanaikasirikia?»

Akasema roneo si ya mtu binafsi, na kwamba nisipoacha mambo haya, nisirudi kesho. Nikatoa funguo mfukoni nikaziweka juu ya meza yake. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, mimi na mama yangu, kwa hiyo usidhani nilitoka nikiimba. Nilitoka nikitetemeka. Lakini nilitoka.

Nikaenda kuuza mwenyewe Kalundu, nimetandika gunia chini. Siku ya pili wakaja vijana watatu na mafuta ya taa. Mkubwa wao nilisoma naye.

«Weye ni mutoto ya huku,» akasema. «Juu ya nini unawachorea wale?»

«Niko mutoto ya huku,» nikamjibu, «njo maana sitaki tuchekwe kwa uongo yetu.»

«Turudishie Kwato.»

Nilitoa kalamu yangu, mwanangu, nikamnyooshea. «Kama munataka Kwato, muchore benyewe. Kalamu iko hapa. Na chini muandike jina zenu, watoto wakitupa mawe wajue nani aliwatuma.»

Aliitazama kalamu, akawatazama wenzake. Mkono wake uliinuka kidogo, ukarudi. Hakuna aliyeipokea. Wakamwaga mafuta, wakachoma vitabu vyote. Mimi sikuondoka. Nilisimama pale mpaka karatasi ya mwisho ikawa majivu, macho yakiniuma kwa moshi, kwa sababu nilishafunga mlango mara moja na niliapa sitaufunga mara ya pili.

Roneo sikuwa nayo tena. Nikanunua madaftari, nikachora kitabu cha nne upya kwa mkono, nakala tisa. Vidole vilivimba. Mama Feza alizichukua, akawapa wabebaji wenzake na madereva aliowaamini. Zilikwenda Sange, zikaenda Lubarika, zikapanda Rurambo. Miezi ikapita. Moja ilirudi imechakaa, kurasa zimeshonwa kwa uzi, na pembeni ya picha ya ndama mtu fulani wa Lubarika alikuwa ameandika kwa kalamu ya biki: «Hii ndama ilikuwa ya kweli. Minye nilipata muguu.» Nilicheka mpaka mama yangu akaja kuniangalia.

Papa Yonatani aliendelea kushuka na maziwa. Alivaa kofia yake ile ile. Watoto wa Mulongwe walimfuata wakimwomba apige mluzi, na mara nyingine alipiga, mbwa wote wa mtaa wakaja.

Sitakudanganya. Kitabu changu hakikuzuia vita. Vilikuja, vikaenda, vikarudi na majina mengine, hata wewe unavijua. Barabara ya juu ilifungwa, na Papa Yonatani alivuka mpaka na watu wake, akafa ugenini. Sikumzika. Mama Feza alikufa kitandani kwake, amezeeka, akilalamika kwamba chumvi ya mchuzi haitoshi. Nimechora mashujaa wengi baada ya wale wawili, na watu wa mbali wamewahi kunisifu. Lakini hakuna jiwe jingine lililorushwa kwa jina nililolitunga mimi. Hilo ndilo ninalojivunia, na sioni haya kulisema.

Sasa tuje kwako. Jana, kabla hujaondoka, uliniambia kwa sauti ndogo kwamba wenzako wa kwenye kile kikundi cha simu wanakusukuma umpe adui wako pua fulani na lugha fulani. Wanasema ukifanya hivyo, mchoro utazunguka mji mzima kabla ya jioni. Nakuamini. Utazunguka. Kitabu changu kilizunguka kwa miguu na kilimfikia mzee kwenye jicho. Mchoro wako una mbio kuliko hicho.

Ushauri wangu ni huu, nauweka wazi ili usiseme hukusikia. Usimpe adui uso wa jirani yako, hata kama jirani amekukosea. Akikukosea, mchore yeye na kosa lake lile moja, na jina lake, na umchore pia siku aliyoleta ndama. Ukimchora shujaa, mwombe ruhusa ya mkono wake kabla ya kupiga nao mtu. Wakikuambia banasema, uliza nani. Wakikutisha, tetemeka kama unatetemeka, hakuna aibu, lakini tetemeka ukiwa umesimama palepale. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usiseme ilikuwa hadithi tu. Panda mlima ukaombe radhi, kisha uchore upya, hata kwa mkono, hata nakala tisa.

Watakuita msaliti. Waache waite. Msaliti ni yule anayewafundisha watoto wa kwao kurusha mawe. Wewe kataa. Kataa kwa adabu kama unaweza, kataa kwa sauti kama hawasikii, lakini kataa.

Nenda sasa, mwanangu, mama yako anakungoja. Mungu wa mlima na wa bonde akulinde njiani. Akupe jicho linaloona mtu kabla ya kofia yake, akupe riziki isiyotoka kwenye machozi ya mtu, na kazi ya mikono yako iingie katika nyumba za watu kwa heri na itoke kwa heri.